Kutoka Huko hadi Humo: Fumbo, Mchezaji na Lugha katika Michezo ya Video ya Upelelezi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki michezo ya video iliyojengwa juu ya hadithi za fumbo na safari kwa kuilinganisha na riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla na utanzu wa kitendawili. Hoja kuu ni kwamba kigezo ambacho wachezaji wengi hukitumia kuipima michezo hiyo, yaani wingi wa machaguo, hakitoshi. Kigezo kinachofaa zaidi ni namna mchezo unavyogawa maarifa: mchezaji hupewa nini, hufichwa nini, na hulipa nini anaposhindwa. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala yanachambua Halo 3: ODST (2009), ambao mandhari yake ni Mombasa ya kubuni, na Tales of Kenzera: ZAU (2024), unaoweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Inabainishwa kwamba katika michezo yote miwili Kiswahili hakibebi fumbo. Mwishoni makala yanaonesha jinsi ngeli za mahali, upatanisho wa kisarufi na unyambulishaji zinavyoweza kuwa ushahidi wenyewe.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, ilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Ilifuatwa na nyingine, zikiwamo Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mke Mmoja Waume Watatu (1975). Kwa muda mrefu kazi za mkondo huu zilitiwa katika kapu la fasihi pendwa, yaani fasihi ya kusomwa kwa kustarehe na kuwekwa kando. Leo ni vigumu kwa mwanafunzi wa riwaya ya Kiswahili kueleza maendeleo ya utanzu huo bila kumtaja Abdulla na mpelelezi wake, Bwana Msa.

Michezo ya video yenye hadithi imesimama leo pale iliposimama riwaya ya upelelezi wakati huo. Inachezwa na vijana wale wale wanaokaa katika madarasa ya fasihi, lakini haihesabiwi kuwa jambo la kuzungumzwa humo. Matokeo yake ni kwamba uhakiki wa michezo hiyo umeachwa kwa wachezaji wenyewe. Maoni yao yana thamani, kwani yanatokana na kuitenda kazi na si kuitazama tu. Hata hivyo, maoni hayo hugawika katika kambi mbili zinazofanana kuliko zinavyodhani. Kambi ya kwanza hudai kwamba mchezo wenye hadithi nzito ni filamu ya kubonyeza, kwa kuwa mchezaji hana uwezo wa kuigeuza. Kambi ya pili hujibu kwamba hadithi nzuri hufidia upungufu wa machaguo. Zote mbili zinakubaliana kimyakimya kwamba uhuru wa mchezaji hupimwa kwa idadi ya njia anazoweza kuzifuata.

Makala haya yanakataa kipimo hicho. Nadharia ya Upokezi, hasa katika maandishi ya Wolfgang Iser, inasisitiza kwamba maana huzaliwa pale msomaji anapoyajaza mapengo yaliyoachwa na matini. Idadi ya mapengo si hoja. Jambo la msingi ni iwapo msomaji ana kitu cha kuyajazia. Espen Aarseth, katika Cybertext (1997), aliongeza kwamba zipo matini zinazomtaka mpokezi afanye kazi halisi ili azipitie, si kufasiri tu. Swali linalobaki, na linaloongoza uchambuzi huu, ni kazi ya namna gani.

2.0 Kitendawili kama Mkataba wa Maarifa

Kabla ya kompyuta, jamii za Waswahili zilikuwa na mchezo wa fumbo wenye kanuni zinazoeleweka. Mtegaji hutangaza kitendawili, hadhira hujibu kwa kumruhusu atege, fumbo hutolewa, na majibu hujaribiwa. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa mji, na akiuona mdogo huukataa na kudai mkubwa zaidi. Akiridhika, hufumbua.

Kanuni ya mji imezoeleka kiasi kwamba wahakiki huipita kama pambo la utendaji. Ikitazamwa kwa makini, inaonesha nadharia nzima ya fumbo. Kwanza, inakiri kwamba kushindwa ni sehemu halali ya mchezo. Asiyejua hafukuzwi barazani. Pili, inaweka bei: jibu halitolewi bure, na bei hiyo hulipwa hadharani. Tatu, inamlazimisha mtegaji kuwa mwadilifu, kwani jibu likifumbuliwa ni lazima hadhira ikiri kwamba ingeweza kulipata. Kitendawili ambacho jibu lake haliafikiani na maelezo yake hukataliwa na wasikilizaji, na mtegaji huaibika.

Mkataba huu unatoa vigezo vitatu vya kuhakikia mchezo wa fumbo: uadilifu wa dalili, bei ya kushindwa, na nafasi ya mpokezi kufikia jibu kwa akili yake. Kwa kuutumia, inaeleweka kwa nini Return of the Obra Dinn (2018) wa Lucas Pope unasifiwa sana na wapenzi wa mafumbo ingawa hadithi yake haibadiliki hata kidogo. Mchezaji, aliye mkaguzi wa bima mwaka 1807, hutakiwa kubaini majina na hatima za watu 60 waliokuwa katika merikebu moja. Mchezo huthibitisha majibu pale tu matatu yanapokuwa sahihi kwa pamoja. Kwa hiyo anayebahatisha hulipa kwa kubaki gizani, na anayefikiri hulipwa. Hakuna njia panda hata moja ya hadithi, lakini mchezaji ana uhuru wote anaouhitaji, yaani uhuru wa kukosea na wa kugundua.

3.0 Bwana Msa na Haki ya Msomaji

Tzvetan Todorov alieleza kwamba hadithi ya upelelezi ina visa viwili: kisa cha uhalifu, ambacho kimekwisha tendeka na hakionekani, na kisa cha upelelezi, kinachoonekana lakini kazi yake ni kukirudisha kile cha kwanza. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha kwanza kinafunikwa na imani. Maiti ya Bwana Ali inapoonekana mzimuni, maelezo yako tayari mdomoni mwa jamii: mzimu umetenda. Bwana Msa, akifuatana na Najum, anakataa maelezo hayo na kutafuta mkono wa binadamu.

Mara nyingi upande huu wa riwaya hufasiriwa kuwa ni mapambano ya mantiki dhidi ya ushirikina. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini inaacha jambo moja. Abdulla hamtegei msomaji fumbo kwa kumnyima habari peke yake. Humpa habari ambayo msomaji wa Unguja anayo tayari, yaani mazoea ya kuuheshimu mzimu, kisha huyageuza mazoea hayo kuwa pazia la muuaji. Pengo ambalo Iser alilizungumzia linajazwa na utamaduni wa msomaji mwenyewe, na kujazwa huko ndiko kunakompoteza. Jina la Kisima cha Giningi linafanya kazi hiyo hiyo. Msomaji aliyelelewa akisikia habari za Giningi na wachawi wake hulifungua jalada la kitabu akiwa tayari na dhana, na dhana hiyo inaweza kumwelekeza pasipo.

Ni kweli kwamba Bwana Msa, kama Sherlock Holmes ambaye wahakiki humtaja kuwa ndugu yake wa kifasihi, hujua mengi kabla ya kuyasema, na msomaji hulazimika kusubiri. Hapa riwaya inavunja kwa kiasi fulani mkataba wa kitendawili. Hata hivyo, ukurasa unabaki mikononi mwa msomaji. Anaweza kurudi nyuma na kuhakiki iwapo alitendewa haki. Mchezo wa video unaomsukuma mchezaji mbele bila ruhusa ya kurejea humnyima hata hilo.

4.0 Mombasa Isiyo na Wenyeji

Katika historia ya michezo ya video, majina ya mwambao wetu yametumika kwa wepesi. Zanzibar Land ya Metal Gear 2: Solid Snake (1990) ni nchi ya kubuni iliyowekwa Asia ya Kati. Halo 2 (2004) una uwanja wa mapambano uitwao Zanzibar. Katika mifano yote miwili, jina linabeba mvumo wa ugeni na si mahali. Halo 3: ODST, uliotengenezwa na Bungie mwaka 2009, unastahili kutazamwa tofauti, kwa sababu ni mchezo wa kipelelezi unaotendeka mwanzo hadi mwisho katika mji wa Waswahili, yaani Mombasa Mpya ya mwaka 2552.

Askari aitwaye Rookie anazinduka baada ya saa sita za kupoteza fahamu na kuukuta mji uko kimya, mvua ikinyesha na wenzake hawapo. Anapita mitaani usiku akitafuta dalili. Kila akipata kitu kilichoachwa, mchezo humrudisha mchezaji nyuma kukicheza kisa cha mwenzake aliyekiacha. Kwa muundo, hakuna mfano ulio wazi zaidi wa visa viwili vya Todorov: usiku wa upelelezi na mchana wa tukio vimetenganishwa kabisa, na kwa kiasi kikubwa mchezaji ndiye anayechagua mfuatano wa dalili. Upweke wa mitaa hiyo, pamoja na muziki wake wa saksafoni, umeufanya mchezo huu upendwe hata na wale wasiojali vita vyake.

Udhaifu wake unaonekana ukipimwa kwa kitendawili. Dalili hazimtaki mchezaji afikiri. Zinamtaka afike. Akishakigusa kitu, kisa hujieleza chenyewe. Kufika kumechukua nafasi ya kufikiri, na kwa sababu hiyo hakuna kushindwa kwa kiakili. Kuna kuuawa na maadui tu, jambo lisilohusiana na fumbo. Zaidi ya hayo, maarifa yanayopatikana ni ya mchezaji, si ya Rookie. Askari ameokota kifaa kilichovunjika, ilhali mchezaji ameshuhudia tukio zima. Mpelelezi na mpokezi wametenganishwa, na mpelelezi amebaki kuwa miguu tu.

Udhaifu wa pili ni wa lugha. Sehemu za mchezo huitwa Kizingo na Kikowani, ambayo ni majina ya maeneo halisi ya Mombasa, na uwanja mmoja umepewa jina Tayari. Lakini majina hayo hayamsaidii mchezaji kujua chochote. Anayejua Kizingo iko upande gani wa kisiwa cha Mombasa hana faida yoyote juu ya asiyejua. Wenyeji nao wamehamishwa. Kisa cha raia kinachosikika kwa kirefu, cha Sadie, binti wa Daktari Endesha, kimetawanywa katika mafaili ya sauti ya Kiingereza ambayo mchezaji anaweza kumaliza mchezo bila kuyakusanya yote. Mji uliojengwa kwa karne nyingi juu ya mazungumzo ya barazani umefanywa mahali ambapo hakuna wa kuulizwa. Bwana Msa angekwama huko, kwani chombo chake kikuu cha upelelezi ni kuzungumza na watu.

5.0 Sauti ya Kiswahili na Kifo Kisicho na Bei

Tales of Kenzera: ZAU ulitolewa Aprili 2024 na Surgent Studios, kampuni iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, kutokana na msiba wa kufiwa na baba yake. Katika kisa cha nje, kijana Zuberi anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu baba yake. Katika kisa cha ndani, mganga kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: akimletea roho tatu kubwa, baba yake atarudishwa. Mchezaji anaweza kuchagua sauti za Kiswahili kwa hadithi yote.

Umuhimu wa uamuzi huo haufai kupuuzwa. Kijana wa Mji Mkongwe aliyezoea kupokea kila tukio la ajabu kwa Kiingereza anasikia huzuni, hasira na maombi yakitamkwa kwa lugha ambayo usanifishaji wake ulijengwa juu ya Kiunguja. Kwa upande wa upokezi, hilo linabadilisha umbali kati ya mchezaji na mhusika. Anayelia “baba” kwa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Hata hivyo, uhakiki hauna budi kwenda mbele ya shukrani. Kuna mkinzano kati ya maudhui ya mchezo na kanuni zake. Zau anafundishwa hatua kwa hatua kwamba aliyekufa harudi. Wakati huohuo, mchezaji anayeanguka shimoni au kushindwa vitani hurudishwa papo hapo karibu na alipofia, bila kupoteza kitu cha maana. Somo la hadithi ni kwamba kifo ni cha mwisho. Somo la vidole ni kwamba kifo ni kuchelewa kidogo. Kwa lugha ya kitendawili, mtegaji anagawa majibu bila kudai mji. Inaweza kujibiwa kwamba huo ni utaratibu wa kawaida wa michezo ya aina hii. Jibu hilo lingetosha kwa mchezo mwingine, lakini si kwa ule ambao kifo ndicho kiini chake.

Jambo la pili ni upweke wa maombolezo. Mbali na Kalunga anayemfuata, Zau huubeba msiba wake akiwa peke yake kwa sehemu kubwa ya safari. Kwa mpokezi wa Unguja, ambako kufiwa ni shughuli ya jamaa na majirani, ya matanga na hitima, upweke huo ni wa kigeni kuliko roho za ajabu zenyewe. Roho hizo nazo zimekusanywa kutoka mbali: Impundulu wa Kusini mwa Afrika, GaGaGorib wa Wakhoikhoi, Kikiyaon wa Afrika Magharibi. Mkusanyo huo ni haki ya msanii, lakini unaonesha kwamba Kiswahili kimepewa kazi ya kuwa sauti ya Afrika kwa jumla, na si ya jamii inayokizungumza.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Mchezaji akibadilisha sauti kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, hakuna kinachobadilika katika anachotakiwa kukijua au kukitenda. Lugha imekuwa vazi: zuri, la heshima, lakini linalovuliwa bila mwili kubadilika. Kwa kazi ya maombolezo hilo si kosa kubwa. Kwa kazi ya fumbo lingekuwa hasara, kama sehemu inayofuata inavyoonesha.

6.0 Sarufi kama Ushahidi

Her Story (2015) wa Sam Barlow unamweka mchezaji mbele ya kompyuta ya polisi yenye vipande vya video vya mwanamke anayehojiwa mwaka 1994 kuhusu mume wake aliyetoweka. Mchezaji huandika neno, na mashine humletea vipande ambamo neno hilo limetamkwa, lakini humwonesha vitano vya mwanzo tu. Hapa lugha si vazi tena. Ndiyo chombo cha upelelezi. Tuchukulie mchezo kama huo ungeundwa kwa Kiswahili. Mchezaji anayeandika “ua” kama neno kamili asingepata “alimuua”, “ameuawa” wala “muuaji”, bali angeweza kuletewa ua la bustani au ua wa nyumba. Angelazimika kuwaza kwa mofimu: nani anatajwa na kiambishi cha nafsi, nani na kiambishi cha mtendwa, na kitenzi kimenyambuliwa vipi. Mchezo wenyewe ungekuwa zoezi la uchanganuzi wa kitenzi cha Kiswahili, na lenye taharuki.

Mifano mingine iko karibu. Kiambishi a- hakibainishi jinsia. Shahidi anayesema “nilimwona akitoka” hajasema kama ni mwanamume au mwanamke, wala hajadanganya. Kiswahili humruhusu mtunzi kuificha jinsia ya mhalifu bila hila yoyote, jambo linalomtaabisha anayeandika kwa lugha zenye viwakilishi vya jinsia. Vilevile, “dirisha limevunjika” na “dirisha limevunjwa” ni maelezo mawili tofauti ya tukio moja. Kauli ya kutendeka inamwondoa mtenda, kauli ya kutendwa inamwacha mlangoni bila kumtaja. Mpelelezi makini angeuliza kwa nini mtumishi alichagua ya kwanza.

Upatanisho wa ngeli unaweza kufichua zaidi. Shahidi anadai kwamba alisikia kishindo gizani na hakujua ni kitu gani. Maadamu anasema “kilipoanguka”, kauli yake inalingana na dai lake, kwa kuwa ki- inapatana na “kitu”. Akiteleza na kusema “lilipoanguka”, amekwisha kujua kwamba kilichoanguka ni cha ngeli nyingine, pengine jiwe, pengine sanduku. Silabi moja imemweka mahali alipodai hakuwapo.

Lakini hazina kubwa zaidi kwa mchezo wa fumbo ni ngeli za mahali. Kiswahili hutofautisha mahali kusikobainika, mahali panapobainika na mahali mwa ndani: huko, hapo, humo. Upelelezi wowote ni safari ya kupita daraja hizo tatu. Mpelelezi huanza na uvumi wa huko, husogea hadi mlango hapo, na humaliza kwa siri iliyomo humo. Nyumba za Mji Mkongwe zimepangwa kwa mantiki inayokaribiana na hiyo: kutoka kichochoroni hadi barazani, kutoka barazani hadi dakani, kutoka dakani hadi ndani, kila hatua ikihitaji ruhusa mpya na uhusiano mpya na mwenyeji. Mgeni anayedai hakuvuka daka lakini akaeleza kwamba “mlikuwa na giza”, badala ya “kulikuwa na giza”, amejifunga mwenyewe. Mchezo unaotendeka katika nyumba hizo, kwa Kiswahili kinachozingatia tofauti hizi, ungekuwa na fumbo lisiloweza kuhamishiwa lugha nyingine bila kutungwa upya. Hapo ndipo lugha ingeacha kuwa vazi.

Inaweza kuhojiwa kwamba wachezaji wengi, hata wazawa, hawazingatii tena tofauti hizi katika mazungumzo ya kila siku, na kwamba mchezo wa namna hiyo ungewashinda. Pingamizi hilo lina uzito, lakini kanuni ya mji imekwisha lijibu. Anayeshindwa hulipa, hufumbuliwa, na safari ijayo hutega sikio vizuri zaidi. Sarufi inayofundishwa darasani kwa majedwali ingefundishwa kwa haja ya kujua nani amemuua nani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mjadala wa wachezaji kuhusu uhuru na hadithi unaweza kuondolewa kwenye hesabu ya machaguo na kupelekwa kwenye ugawaji wa maarifa. Kwa kipimo hicho, Halo 3: ODST una muundo bora wa kipelelezi usiodai fikra, na Tales of Kenzera: ZAU una sauti stahiki ya Kiswahili katika kanuni zinazopingana na maudhui yake. Riwaya za Abdulla, zilizoandikwa kwa ajili ya msomaji asiye na kitufe cha kubonyeza, bado zinawazidi watunzi wa michezo hiyo katika jambo moja: zinayatumia yale ambayo msomaji wa mahali hapo anayajua.

Idara za Kiswahili, za Zanzibar na kwingineko, zina sababu mbili za kutolingoja jambo hili. Ya kwanza ni ya uhakiki: utanzu unaopendwa na wanafunzi usipopewa istilahi na vigezo katika lugha yao, utahakikiwa kwa lugha nyingine. Ya pili ni ya utunzi. Tafsiri ya sauti itaendelea kufanywa na makampuni ya nje kadiri soko litakavyoruhusu, na inastahili kupokelewa vizuri. Fumbo linaloishi ndani ya silabi ya upatanisho, hata hivyo, haliwezi kutafsiriwa likaingizwa kutoka nje. Litatungwa na mtu anayeisikia tofauti kati ya “kulikuwa” na “mlikuwa”, na mtu huyo kwa sasa ameketi darasani akiambiwa kwamba michezo si fasihi.